Mwalimu Mkali Asiwaponze Wanafunzi Wake

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, maswali yanayosikika maofisini, katika vyumba vya walimu na vijiweni ni yale yale. Wangapi wamefaulu? Mkoa upi umeshika mkia? Wangapi wameambulia daraja sifuri? Ni maswali halali, na mzazi ana haki ya kuyauliza. Lakini liko swali jingine ambalo huulizwa mara chache sana, nalo ni la msingi kuliko hayo yote: ile alama iliyoandikwa katika cheti cha kijana imepatikanaje?

Wengi wetu hudhani kwamba jibu ni jepesi. Kijana aliketi, akajibu maswali, akasahihishwa, akapata alichostahili. Sivyo. Cheti cha kidato cha nne ni kazi ya mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa mwalimu wa darasani, ambaye kwa muda mrefu amempa kijana mazoezi, majaribio na mitihani ya muhula, akazikusanya alama zake na kuzipeleka kwa jina la alama za maendeleo. Mkono wa pili ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, linalotunga na kusahihisha mtihani wa mwisho. Kati ya mikono hiyo miwili ipo kazi ya tatu, kazi ya kimya isiyoonekana na mzazi wala mwanafunzi, na mara nyingi hata mwalimu mwenyewe haioni. Ni kazi ya kusawazisha: kuzichukua alama za walimu maelfu kwa maelfu, kila mmoja akiwa na kipimo chake, na kuzifanya zisome katika mizani moja.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya tatu. Msimamo wangu nautamka mapema ili msomaji asipapase gizani. Mpangilio wa wanafunzi uliowekwa na mwalimu wao unapaswa kuheshimiwa. Kiwango cha alama zao kinapaswa kupimwa kwa mtihani wa taifa. Na kanuni inayounganisha mambo hayo mawili inapaswa kujulikana na kila mwalimu kabla kijana hajaanza kupimwa, si baada ya matokeo kuzua kilio.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi kasoro ya mitihani tuliyorithi kwa mkoloni. Hoja yake ilikuwa kwamba mitihani ile hupima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatapika kwa muda uliopangwa, wala haipimi uwezo wa kufikiri, tabia, au moyo wa kuwatumikia wengine. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 tukaunda Baraza letu wenyewe. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua, pamoja na mambo mengine, kuupunguza utukufu uliopita kiasi wa mtihani wa mwisho. Kuanzia mwaka 1976 kazi za mwanafunzi katika miaka yake ya shule zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani, nusu kwa nusu.

Wapo wasomi wetu, hasa wale wapendao kila kitu ilimradi kimetoka ng'ambo, wanaolizungumzia Azimio la Musoma kana kwamba lilikuwa ndoto ya wanasiasa wasiojua elimu. Ajabu ni kwamba nchi nyingi tunazoambiwa tuziige zimekuwa zikihesabu kazi za darasani kwa miaka mingi, na hakuna anayeziita nchi za ndotoni. Kijana aliyesoma miaka minne hawezi kupimwa kwa haki kwa saa tatu za asubuhi moja ya Novemba, ambayo huenda ameamka na malaria, au amefiwa, au amevuka mto uliofurika ili afike shuleni. Uamuzi wa kumpa mwalimu sauti ulikuwa sahihi, na ungali sahihi leo.

Lakini uamuzi sahihi wa siasa unaweza kuharibika kwa kukosa ufundi. Ukishampa mwalimu sauti, umezipa sauti shule zote nchini, na shule hizo hazisemi lugha moja. Alama 60 ya mwalimu mmoja si alama 60 ya mwingine. Yupo mwalimu anayeona kwamba 60 ni zawadi ya mwanafunzi bora, na yupo anayeona kwamba 60 ni aibu ya kufichwa. Ukizijumlisha alama hizo kama zilivyo, unafanya kama mfanyabiashara anayejumlisha debe za mahindi bila kutazama ni debe zipi zimebonyezwa.

Natumai msomaji ataniwia radhi nikiingiza hesabu kidogo, kwa kuwa jambo hili haliwezi kueleweka kwa maneno matupu. Tuchukue shule mbili za kufikirika, kila moja ikiwa na wanafunzi watano katika somo moja. Katika shule ya kwanza mwalimu ni mkali. Anatunga majaribio magumu, anasahihisha kwa kalamu isiyo na huruma, na alama za maendeleo anazopeleka ni 60, 52, 45, 38 na 30. Wastani wake ni 45. Katika shule ya pili mwalimu ni mkarimu mno, au mkuu wa shule amemshauri awe mkarimu. Alama zake ni 95, 91, 88, 84 na 82, na wastani ni 88. Mtu akiyatazama madaftari hayo mawili bila kujua lolote jingine, atasema shule ya pili ndiyo bora, tena kwa mbali.

Sasa mtihani wa taifa unakuja. Wote kumi wanajibu maswali yale yale na kusahihishwa na watahini wale wale. Wanafunzi wa mwalimu mkali wanapata 78, 70, 62, 50 na 40, wastani 60. Wanafunzi wa mwalimu mkarimu wanapata 66, 58, 48, 38 na 30, wastani 48. Ukweli umejitokeza. Darasa lililoonekana dhaifu ndilo lililofundishwa vizuri.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba alama za maendeleo zinachukua asilimia 30 ya alama ya mwisho na mtihani asilimia 70. Tukijumlisha bila kusawazisha, kijana wa kwanza wa mwalimu mkali, mwenye 60 za shule na 78 za mtihani, anapata 72.6. Kijana wa kwanza wa mwalimu mkarimu, mwenye 95 za shule na 66 za mtihani, anapata 74.7. Aliyeshindwa kwa alama 12 katika mtihani ulio sawa kwa wote anatoka mbele ya aliyemshinda! Wote wawili wanaandikiwa B, na mwenye bidii anabaki nyuma kwa sababu moja tu: alifundishwa na mwalimu mwaminifu. Kwa kijana anayegombea nafasi ya kidato cha tano katika tahasusi ya sayansi, tofauti hiyo si ya karatasini. Ni tofauti ya kwenda chuo cha udaktari au kurudi kijijini akiwa amekata tamaa.

Sasa tusawazishe kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Darasa la kwanza limethibitisha kwamba wastani wake halisi ni 60, siyo 45. Basi tumwongezee kila mmoja 15: alama za shule zinakuwa 75, 67, 60, 53 na 45. Darasa la pili limethibitisha kwamba wastani wake ni 48, siyo 88. Tumpunguzie kila mmoja 40: zinakuwa 55, 51, 48, 44 na 42. Angalia vizuri, ndugu msomaji, kitu ambacho hakikubadilika. Katika madarasa yote mawili aliyekuwa wa kwanza kwa mwalimu wake amebaki wa kwanza, na aliyekuwa wa tano amebaki wa tano. Neno la mwalimu juu ya nani ni hodari kuliko nani limeheshimiwa. Kilichosahihishwa ni kiwango tu. Tukijumlisha upya kwa uwiano ule ule, kijana wa kwanza wa mwalimu mkali anapata 77.1, ambayo kwa madaraja ya sasa ya kidato cha nne ni A. Yule wa mwalimu mkarimu anapata 62.7, ambayo ni C. Haki imerudi mahali pake bila ya kumtukana mwalimu yeyote.

Mwalimu wa hisabati atakuwa ameona kwamba njia hii ya kuongeza na kupunguza haitoshi. Katika shule ya pili, umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho ulikuwa alama 13 tu kwenye daftari la mwalimu, na katika mtihani ukawa 36. Mwalimu yule hakupandisha alama tu, aliwabana wanafunzi wote katika kona moja hata hodari na mvivu wakawa karibu sawa. Kwa hiyo usawazishaji mzuri haugusi wastani peke yake, bali hupima pia mtawanyiko.

Hivyo ndivyo linavyofanya jimbo la New South Wales huko Australia, ambako alama za shule na alama za mtihani wa mwisho wa sekondari huhesabiwa nusu kwa nusu. Huko alama ya juu kabisa ya shule katika somo hulinganishwa na alama ya juu kabisa ambayo darasa hilo limeipata katika mtihani; wastani wa shule hulinganishwa na wastani wa mtihani; na pale inapowezekana alama ya chini hulinganishwa na ya chini. Waliobaki hupangwa katikati kwa kufuata nafasi walizopewa na mwalimu, na umbali kati yao, kwa uwiano, hulindwa. Alama ghafi ambayo shule imeipeleka haielezwi kwa mwanafunzi; anachoweza kuelezwa ni nafasi yake katika darasa.

Ninautaja mfano huo kwa sababu ya jambo moja linalostahili kutafakariwa na kila mkuu wa shule. Kanuni ikiwa hivyo, kupika alama hakuna faida yoyote. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake wote 90, mizani itawarudisha walikostahili. Akiwapa wote 40 kwa ukali, mizani itawapandisha. Kitu pekee ambacho mwalimu anacho na ambacho hakuna mwingine anayeweza kukitoa ni ujuzi wake wa wanafunzi: nani anaelewa, nani anakariri, nani amepanda mwaka huu na nani ameshuka. Hicho ndicho anachoombwa. Katika utaratibu wa kujumlisha tu, mwalimu mwaminifu anaadhibiwa, na baada ya miaka miwili au mitatu ya kuona wanafunzi wake wakipitwa, naye anajifunza ukarimu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hatuwezi kuwalaumu walimu kwa kufuata njia ambayo utaratibu wenyewe umeilipa.

Kuna na faida nyingine ambayo sisi wa nchi hii tunapaswa kuielewa upesi kuliko wengine. Alama za mtihani za darasa zima zikiwa ndizo zinazopima kiwango cha alama za shule za kila mmoja, basi kufaulu kwa mwenzangu ni sehemu ya kufaulu kwangu. Kijana hodari anayeficha daftari lake asiwasaidie wenziwe anajipunguzia mwenyewe, kwa maana wenziwe wakianguka, wastani wa darasa unashuka na alama yake ya shule inashuka nao. Sisemi kwamba mashindano ya nafasi yanakwisha; nafasi ni nafasi. Ila mwanafunzi anakuwa na sababu ya kumfundisha jirani yake ambayo haihitaji kuhubiriwa.

Hata hivyo, usawazishaji unaweza kufanywa vibaya, na ukifanywa vibaya hugeuka kuwa chombo cha kuwabagua wanyonge. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Uingereza ilifuta mitihani yake. Walimu wakaombwa wakadirie alama za wanafunzi wao na kuwapanga kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kuwa hapakuwa na mtihani wa kusawazishia, mamlaka ya mitihani ya England ilitumia historia: matokeo ya shule ile ile katika miaka iliyopita. Matokeo ya mtihani wa juu wa sekondari yalipotangazwa tarehe 13 Agosti 2020, karibu asilimia 40 ya madaraja yaliyokadiriwa na walimu yalikuwa yameshushwa. Kijana hodari katika shule ambayo haijawahi kutoa mwanafunzi hodari alishushwa hadi mahali ambapo watangulizi wake walifikia. Madarasa yenye wanafunzi wachache sana, ambayo yalikuwa mengi zaidi katika shule za kulipia, yaliachiwa makadirio ya walimu wao. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikalazimika kuuacha utaratibu huo na kurudi kwenye makadirio ya walimu.

Kosa lao lilikuwa kumsawazisha kijana kwa kutumia watu wengine. Mwanafunzi wa mwaka huu asipimwe kwa dhambi za waliomtangulia. Kwetu sisi, wenye shule kongwe zilizojengwa tangu zama za wamisionari na shule za kata zilizosambaa baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004, hatari hiyo ingekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Anayeshawishika kutumia sifa ya shule kuwa mizani, ati kwa sababu shule fulani inajulikana, atakuwa ameyarudisha matabaka kwa mlango wa nyuma. Mizani ya haki ni moja tu: mtihani uliofanywa na darasa lile lile, mwaka ule ule. Nalipongeza Baraza kwa kuacha, tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, desturi ya kutangaza shule kumi bora. Nafasi ya shule katika gazeti ilikuwa biashara. Nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake ni ushahidi wa mwalimu wake. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Sasa tuje nyumbani, kwenye jeraha ambalo walimu wengi wanalikumbuka. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa 240,903, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani, walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Zilisikika lawama za kila namna: walimu wavivu, wanafunzi watukutu, simu za mkononi, kukosekana kwa vitabu. Waziri Mkuu aliunda tume. Mei 2013 serikali ililieleza Bunge kwamba, pamoja na matatizo ya muda mrefu ya shule zetu, liko jambo la ufundi lililotokea mwaka ule. Kabla ya hapo Baraza lilikuwa na utaratibu wa kusawazisha alama za maendeleo kwa kutazama tofauti ya wastani wa kitaifa katika kila somo, na wigo wa madaraja uliweza kubadilika. Mwaka 2012 wigo wa madaraja ulifungwa, na marekebisho ya alama za maendeleo yakafanywa kwa namna nyingine, ya aina moja kwa wote. Ikaamuliwa matokeo yaandaliwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011, na ufaulu ukapanda hadi asilimia 43.08.

Tutafakari maana yake. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, na vijana wale wale. Hakuna aliyeandika neno jingine hata moja katika majibu yake. Maelfu waliohama kutoka sifuri kwenda daraja la nne walihamishwa na kanuni. Kwa miezi mitatu kijana alikuwa amefeli, baba yake amemfukuza, jirani amemcheka. Mwezi wa nne akaambiwa amefaulu. Wapo waliosema serikali ilifanya siasa kwa kurudia matokeo. Kwa maoni yangu, ubaya ulitendeka mapema zaidi, pale kanuni ilipobadilishwa bila ya walimu na wanafunzi kuambiwa. Aliyeanza kidato cha kwanza mwaka 2009 alikuwa amepimwa miaka minne chini ya kanuni moja, akahukumiwa kwa nyingine.

Wala haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikatangazwa kwamba alama za maendeleo zitachukua 40 na mtihani 60, na madaraja mapya yakawekwa. Ukafuata utaratibu wa wastani wa alama uitwao GPA, uliotumika kwa matokeo ya mwaka 2014. Mwanzoni mwa mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja ya zamani ya divisheni. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2012 na kumaliza mwaka 2015 aliishi chini ya taratibu hizo zote. Kila badiliko lilikuwa na hoja zake, na mengine yalikuwa na hoja nzuri. Lakini mwalimu gani angeweza kumweleza mzazi, katika kikao cha shule, ni nini hasa kinachohesabiwa?

Lipo pia jambo ambalo hesabu za kusawazisha, hata zikiwa nzuri namna gani, haziwezi kulitibu. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia inapeleka alama za maendeleo za Fizikia. Zimetoka wapi? Mara nyingine zimetoka kwa mwalimu wa somo jingine aliyejitolea, na huyo anastahili sifa. Mara nyingine zimeandikwa usiku mmoja kwa sababu fomu haikubali nafasi wazi. Nafasi za wanafunzi zilizobuniwa mezani hazibebi ujuzi wowote wa mwalimu, na mizani ikizisawazisha inasawazisha upepo. Kijana wa shule kama hiyo ni afadhali ahesabiwe mtihani wake peke yake, kama anavyohesabiwa mtahiniwa wa kujitegemea ambaye hana mwalimu wa kumwandikia chochote. Mkuu wa shule akiri hivyo kwa maandishi bila kuogopa kuadhibiwa, na maandishi yake yawe pia barua ya kuombea mwalimu. Katika ofisi za elimu za wilaya barua kama hiyo ingesema zaidi kuliko daftari lililojaa alama za uongo.

Vivyo hivyo kwa madarasa madogo mno. Somo likiwa na mwanafunzi mmoja, hakuna nafasi wala wastani wa kuzungumza. Alama yake ya shule haiwezi kuwa kitu kingine ila alama yake ya mtihani. Wakiwa watatu, kijana mmoja akiugua siku ya mtihani anawashusha wenziwe wawili. Kanuni lazima iseme wazi ni wanafunzi wangapi wanatosha kufanya darasa la kusawazishwa, na aliyeugua au kufiwa atolewe katika hesabu ya wenzake.

Ninachokiomba hakihitaji fedha nyingi wala wataalamu kutoka nje. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imekwisha kuanza kubadili mitaala, na mitaala ikibadilika namna ya kupima hubadilika nayo. Huu ndio wakati wa kuiandika kanuni ya kusawazisha alama kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili au tatu, pamoja na mfano wa hesabu kama ule nilioutoa hapo juu, na kuibandika katika chumba cha walimu cha kila shule ya sekondari. Itoke kabla ya wanafunzi wanaohusika hawajaingia kidato cha tatu, na isiguswe mpaka wamalize. Likitokea jambo la kuibadili, badiliko liwahusu wanaokuja nyuma yao.

Pia kila shule, baada ya matokeo, irudishiwe karatasi moja kwa kila somo inayoonyesha wastani wa alama ilizopeleka na wastani wa mtihani wa wanafunzi wake. Karatasi hiyo isipelekwe magazetini, wala isigeuzwe fimbo ya kumchapia mwalimu katika vikao vya tathmini vya mkoa. Mwalimu aliyepeleka 88 akarudishiwa 48 hahitaji kukaripiwa hadharani. Anahitaji kuketi na wenzake wa somo hilo kutoka shule za jirani, walete majaribio yao na madaftari yaliyosahihishwa, walinganishe. Na yule aliyepeleka 45 akarudishiwa 60 aitwe katika kikao hicho hicho, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jambo la kuwafundisha wengine. Vituo vya walimu vilijengwa kwa kazi ya namna hii, na vingine sasa vina vumbi tu.

Maofisa elimu watakaosoma haya huenda wakasema kwamba mambo ya kusawazisha ni siri ya mitihani. Maswali ya mtihani ni siri mpaka asubuhi ya mtihani, na anayeyavujisha ashitakiwe. Kanuni ya kuhesabu si swali la mtihani. Mkulima wa korosho anajua kilo yake inapimwaje kabla hajaupakia mzigo, na akiona mizani imefunikwa kwa gunia hukataa kupima.